Kibanda cha Kona ya Esi

Paukwa! Itikieni wenyewe, mimi nina haraka ya kufika mjini.

Mji wenyewe unaitwa Mpana. Ukitaka kuufikia unaanzia Kinywani, unateremka na mto, unavuka ziwa la siki ambamo wasafiri wengi huishia, kisha unaikata nchi ya Wembamba, mita sita za kona juu ya kona. Ukitoka huko ukiwa hai, unatokea kwenye barabara moja pana, yenye giza, ya mita moja na nusu. Barabara hiyo ndiyo mji. Ya pili hakuna. Wanadamu waliokaa chini wakawakadiria wakazi wake mwaka 2016 walipata trilioni 38, karibu sawa na seli zote za mwili wa Mwenye Mji mwenyewe. Mbele ya Mpana, Kariakoo mkesha wa Idi ni jangwa.

Mwenye Mji hakuna aliyewahi kumwona. Walimjua kwa alichoshusha. Alizaliwa Marangu, na enzi hizo alikuwa akishusha kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage, na mboga za majani, na uji wa ulezi. Watu wa Wembamba walichukua kila walichoweza kukivunja. Walichoshindwa, yaani maganda ya maharage, nyuzi za mboga na wanga mgumu, walikisukuma chini. Makapi ya Wembamba ndiyo yaliyokuwa posho ya Mpana, na hakuna aliyeona aibu.

Mpishi mkuu wa mji alikuwa Bi Prausi. Wanadamu humwita Faecalibacterium prausnitzii. Ndiyo ada yao, mtu akiwafaa humpa jina la kinyesi. Bi Prausi na jamaa zake waliyachukua makapi, wakayachachusha gizani, na chunguni mkatoka kitu chenye harufu ya siagi iliyoharibika, ambacho wataalamu hukiita butireti. Siagi hiyo walipelekewa Watu wa Ukuta, na karibu asilimia 70 ya nguvu zao ilitoka humo. Nao Watu wa Ukuta, katika kuiunguza, walimaliza hewa yote iliyokuwa ikivuja kutoka kwenye damu, mji ukabaki hauna hewa, kama Bi Prausi alivyopenda. Hewa kwake ni sumu. Dakika chache tu, amekwisha. Basi yeye aliwalisha, wao wakamzibia madirisha. Sijui kama kuna mkataba wa chumba cha kupanga uliowahi kuheshimiwa namna hiyo.

Kati ya barabara na Ukuta palipakwa lipu ya ute, matabaka mawili. La nje wakazi waliruhusiwa kuliegemea. La ndani halikuguswa, na wala hapakuhitajika kibao.

Watu wa Ukuta hawaishi sana. Siku tatu, nne, tano, wanaanguka barabarani na kuwapisha wengine, bila tanga. Anayedumu ni Bibi wa Kisima. Kila hatua chache ukutani kuna kisima chembamba, na chini yake amekaa bibi anayewazaa wote wa eneo lile kwa kufuata kitabu. Kitabu ni kirefu mno, lakini upo ukurasa mmoja ambao bibi huurudia kila anapozaa, ule ulioandikwa: "Hapa acha kujenga."

Kisha Mwenye Mji akahamia Dar es Salaam.

Zikaanza kushuka chipsi mayai, soseji, mkate mweupe, ugali wa sembe, soda. Kusema kweli hazikushuka: Wembamba walimaliza karibu zote njiani, wakanenepa, na Mpana kukafika mafuta na maji machafu. Daktari mmoja Mwairishi, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliwahi kuyatazama mambo haya kutoka nje ya Lango la kutokea mjini. Yeye na wenzake walikuwa wakipima kinyesi cha watu kwenye mizani na kuhesabu saa kati ya kumeza na kutoa. Mwaka 1971 akaandika kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa adimu vijijini Afrika na ya kawaida Ulaya, ina uhusiano na makapi ambayo Wazungu walikuwa wameyaondoa kwenye unga wao. Ni vigumu kusikilizwa haraka ukiwa umeshika mizani ya aina hiyo.

Mzee Akerimani alikuwa na leseni ya kulamba lipu iliyochakaa. Kila alipolamba, Watu wa Ukuta walipaka mpya, na kazi ilikuwa na heshima yake. Posho ilipokatika, wasio na leseni nao wakaja na ndimi zao. Ulambaji ukawa ukwanguaji. Akerimani alisema yeye si mwizi, ni fundi, akasema hayo mdomo ukiwa umejaa.

Nyuma ya Ukuta wanakaa mgambo. Mgambo wa Mpana walikuwa wamefundishwa jambo gumu kuliko vita: kusikia kelele za trilioni 38 na kutulia. Lipu ilipokuwa nene waliweza. Ilipobaki nyembamba kama karatasi wakaanza kusikia harufu, na mmoja wao akatupa bomu. Mgambo akishatupa bomu la kwanza hana budi kutupa la pili, ili la kwanza lionekane lilikuwa na sababu. Moshi wa mabomu yale una naitreti. Wakazi wengine uliwatoa machozi. Koli aliuvuta kama kiko.

Koli mnamfahamu. Daktari wa watoto Theodor Escherich alimwandika mwaka 1885, na baadaye akabebeshwa jina la daktari huyo mbele ya lake. Ni kiumbe asiyechagua. Pakiwa na hewa anaishi, pasipo na hewa anaishi. Miaka yote ukoo wake ulikuwa mdogo na mpole, ukitengeneza vitamini K na kuwaamkia wakubwa. Katika moshi ule walizaliana kama uyoga baada ya mvua. Bi Prausi, ambaye sasa hewa ilimwingilia kwa kila ufa, alifunga jiko, akajifungia ndani.

Miaka ikapita hivyo. Ndipo siku moja, kwenye Kona ya Esi, karibu na Lango, wapita njia wakaona kibanda. Kilikuwa kidogo kama punje ya dengu, kimeota ukutani bila kibali. Mji wa kawaida ungekipiga alama nyekundu ya X. Mpana ukaunda tume.

Wajumbe walikuwa saba, wote wa ukoo wa Akerimani, kwa kuwa ndio waliokuwa na uzoefu wa masuala ya Ukuta. Posho ya kikao ilikuwa lipu, nayo ilikwanguliwa palepale kwenye eneo la tukio. Hadidu za rejea zilipomaliza kujadiliwa, kibanda kilikuwa kimefikia harage. Wakati wanakubaliana maana ya neno "kibanda", kilikuwa karanga na ganda lake.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Fuso. (Si lile lori, ingawa huyu naye, kama mtakavyosikia, hubeba mizigo.) Alikutwa ndani ya kibanda, amelala. Ni mwembamba, amechongoka ncha zote mbili kama pia ya kusokotea uzi, na kwao si Mpana. Kwao ni Kinywani, mtaa wa Ufizi, ambako kila panapotoka damu majirani humtaja yeye. Mwaka 2012 makundi mawili ya wapelelezi wa kibinadamu, moja la Marekani na jingine la Kanada, yalitangaza kwamba yamemkuta kwenye uvimbe wa utumbo mpana kwa wingi kuliko kwenye nyama nzima ya pembeni. Amefikaje huko chini? Tume ilimuuliza, naye akajibu kwamba barabara ni ya umma.

"Waheshimiwa," akasema Fuso, "penye moto utawakuta watu watatu. Aliyeuwasha, anayeuzima, na anayeuota. Nyinyi mmenikuta karibu na moto mkanifunga kamba. Mimi naota tu. Kibanda kina joto, kina chakula, kina giza. Nani kati yenu asingeingia?"

Wajumbe wakatazamana. Hoja ilikuwa nzuri, na mimi hadi leo naiona nzuri. Kumkuta mtu kwenye jivu si kumwona na kiberiti, na nusu ya habari tunazosoma kuhusu wakazi wa Mpana zimeandikwa na watu waliosahau hilo.

Lakini wakaletwa mashahidi. Mtu wa Ukuta, akiwa na siku moja tu iliyobaki ya kuishi na kwa hiyo hana la kuogopa, alieleza kwamba Fuso ana ufunguo unaoingia kwenye kufuli lao, nao uzungushwapo amri ya "jenga" hulia nyumba nzima. Mgambo mmoja alikiri kwamba alikwenda kukivunja kibanda mapema, akamkuta Fuso mlangoni. "Alinishika bega tu, akaniambia, pumzika mjomba. Nikapumzika." Na habari kutoka nje ya Lango zilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kibanda kinapotuma watoto wake kwenda kuishi kwenye Ini, Fuso huonekana ndani ya mizigo yao. Wakachukua uvimbe wenye Fuso, wakaupandikiza kwa panya, wakawapa panya wale metronidazo, dawa ambayo Fuso haiwezi. Uvimbe ukapunguza kasi ya kukua.

Kutoka nyuma ya mlango uliofungwa ikasikika sauti ya Bi Prausi. "Mwotaji gani huyo anayetembea na kuni?"

Shauri la Fuso likaahirishwa.

Aliyefuata kuitwa, Frajili, alichukua muda mfupi. Alikubali kwamba ana mkasi, kwamba unakata mshipi unaowafunga Watu wa Ukuta mmoja na mwenzake, na kwamba ndugu zake wengi hawana mkasi, ni watu wa sala. Akaulizwa anaufanyia nini. Akasema aliurithi.

Aliyewatia watu baridi ni Mzee Klostri, mzururaji anayesafiri amejifungia kwenye gamba gumu kama mbegu, ambaye kwa ajili hiyo ameona miji mingi. Alisimulia habari za Kroni. Huko, alisema, hapakuwa na kibanda wala mwizi. Moto ulianzia mpakani, pale Wembamba inapoishia, na uliwashwa na mgambo wenyewe. Wengine husema walizaliwa na masikio mabovu, hawawezi kutofautisha salamu na tusi. Wengine husema wakazi waliwachokoza. Mzee Klostri alisema yeye aliona yote mawili, na kwamba baada ya mwezi mmoja swali lilikuwa halina maana tena, kwa sababu kila mlipuko uliua wapishi na kuwanenepesha akina Koli, na kila Koli mpya aliwapa mgambo sababu ya mlipuko mwingine. (Jina la mji huo lilitokana na madaktari watatu wa New York walioandika kuuhusu mwaka 1932. Majina yao yalipangwa kwa alfabeti, na wa kwanza, Crohn, akabaki na ugonjwa.)

"Na wapishi?" akauliza mjumbe mmoja.

"Wapishi ndio kipimo," akasema Klostri. "Mji ukikatwa kipande kilichoungua, mtazame kama kuna akina Prausi waliosalia. Wakiwa wachache, moto hurudi upesi." Wafaransa walikuja kuliandika jambo hilohilo mwaka 2008. Akaongeza, huku akirudi ndani ya gamba lake, kwamba katika miji ambayo barabara yake yenyewe huungua miaka na miaka, vibanda huota mara nyingi kuliko kwingine, kwa kuwa mabibi wa visima wanazaa usiku na mchana kuziba mapengo, na mwenye haraka hukosea kusoma.

Kibanda sasa kilikuwa kama zabibu.

Tume ikaamua kuandika ripoti. Chanzo cha kibanda: chipsi. Kielelezo cha kwanza kilitoka kaskazini mwa Tanzania, ambako wanaume 77 walifanyiwa jaribio lililotangazwa mwaka 2025. Waliozoea chakula cha kwao walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, na damuni mwao kukaongezeka dalili za moto. Waliobadilishwa kinyume, dalili zikapungua. Wengine walikunywa mbege kwa wiki moja, nazo pia zikapungua. (Nawajua Wachaga waliofurahia habari hii kupita kiasi. Pombe ni pombe, nayo imo kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana.) Kielelezo cha pili: soseji na ndugu zake, ambazo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka mwaka 2015 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Ripoti ilikuwa fupi, ilieleweka, na lawama zote zilikwenda kwa Mwenye Mji, ambaye hakuwapo kujitetea. Ikapigwa chapa.

Hapo ndipo Bibi wa Kisima alipopanda juu. Hapajawahi kuonekana bibi akitoka kisimani. Watu wa Ukuta walipiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nimeleta kitabu."

Akakifungua pale kwenye ule ukurasa. Ulikuwa umegandana na wa pili yake kwa gundi, na mahali palipobanduliwa kwa nguvu herufi zilikuwa zimetoka. Pale paliposomeka "acha kujenga" palisomeka "jenga".

"Gundi hii ni ya nani?" akauliza Mwenyekiti.

Kila mtu alimtazama Koli. Si wote katika ukoo wake wanaoitengeneza, ni tawi moja. Watafiti walioigundua mwaka 2006 waliiita kolibaktini. Koli alisimama bila kubishana. "Ni yetu," akasema. "Lakini hatukuipika kwa ajili ya Ukuta. Tulipika kwa ajili ya majirani, maana hapa tuko trilioni 38 na kila mtu anataka nafasi. Na ni gundi dhaifu, haichukui muda inaharibika. Lipu ikiwa nzima haifiki popote. Waulize hao wajumbe wako lipu iko wapi."

Wajumbe wakameza.

"Sawa," akasema Mwenyekiti haraka, "basi ripoti yetu imesimama. Chipsi zilileta njaa, njaa ikala lipu, gundi ikapita."

"Soma tarehe," akasema Bibi.

Mwenyekiti akainama. Akasoma. Akafuta macho, akasoma tena.

"Hii ni ya Marangu," akasema. "Mwenye Mji alikuwa darasa la pili."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Wanadamu nao walipitia kimya kama hicho. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba wamesoma vitabu vya uvimbe 981 kutoka nchi 11. Mwandiko wa gundi ile ulionekana mara 3.3 zaidi kwa watu waliougua kabla ya miaka 40 kuliko kwa waliougua baada ya 70, na kwa hesabu zao alama hizo huanza kuandikwa ndani ya miaka 10 ya kwanza ya maisha. Mtoto anakula kiburu, anacheza mpira wa makaratasi, na kisimani ukurasa unagandana bila mtu kusikia. Kisha hupita miaka 30 ya kutafuta nani wa kulaumiwa.

"Kwa nini wakati ule?" Bibi alimuuliza Koli. "Lipu ilikuwapo. Posho ilikuwapo."

"Bibi, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefika. Mji ulikuwa mpya, lipu haijakauka vizuri. Au labda aliumwa, akapewa vidonge, majirani wakafagiliwa tukabaki wenyewe. Mimi sikuwa na kalenda."

Mjumbe mmoja akapendekeza ripoti irekebishwe. Mwenyekiti akasema haiwezekani, imeshapigwa chapa, na bajeti ya lipu imekwisha. Mwingine akapendekeza tume ndogo.

Pendekezo hilo halikupigiwa kura. Kwa mbali, kutoka upande wa Wembamba, ulisikika mngurumo. Mwenye Mji, baadaye ilijulikana, alikuwa ameona damu chooni, na kwa mara ya kwanza katika hekaya hii akafanya jambo la maana: alikwenda hospitali. Wakampa lita za maji yenye chumvi anywe, na maji yale yakateremka yote kwa pamoja. Mafuriko yaliwakumba wajumbe wakiwa wameinua mikono. Ilikwenda meza, ikaenda ripoti, akaenda Frajili na mkasi wake. Fuso alishikilia mlango wa kibanda kwa ncha zote mbili.

Maji yalipopungua mji ulikuwa mtupu na safi, kama haujawahi kukaliwa. Kisha, kutoka Langoni, ikaingia taa. Nyuma ya taa kulikuwa na jicho. Lilipanda barabara polepole, likitazama kushoto na kulia kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba, likapita Kona ya Esi, likafika hadi mwisho wa mji, likageuka. Waliporudi kwenye kona, jicho na taa yake, ulitoka waya wenye kitanzi. Kitanzi kilivishwa shingoni mwa kibanda. Kikavutwa. Kazi ambayo tume haikuimaliza kwa miaka ilichukua dakika chache, na kibanda kikatoka Langoni pamoja na Fuso ndani yake, kwenda kusomwa kwa hadubini.

Ila jicho lilikuwa limeingia na hewa yake, nayo haikutoka yote.

Mpana una uchochoro mmoja usiokwenda popote, uitwao Kidole Tumbo. Wapo wanaosema mafuriko hayafiki huko, na ndiko Bi Prausi alikokuwa amejificha na watoto wachache. Alichungulia, pua ikamwasha, akarudi ndani. Barabarani alikuwapo mmoja tu, amekaa katikati, anavuta hewa kwa pumzi ndefu.

"Shikamoo, shangazi," akasema Koli.

"Marahaba. Imekwisha?"

"Bado kidogo. Naivuta. Nikiimaliza utatoka."

Bi Prausi alisubiri. Kutoka Wembamba kulikuwa na kitu kinateremka, kidogo, kigumu, kikigonga kona baada ya kona. Alijua sauti ile. Ilikuwa ganda la harage. Akaweka chungu tayari, kisha akauegemea mlango.

"Koli, mwanangu."

"Naam, shangazi."

"Wewe ni Koli wa tawi gani?"

Koli hakujibu mara moja. Mdomo wake ulikuwa umejaa hewa.